Mtahini wa Mzee Rudia

Mume wangu alinifelisha mtihani wa udereva mara mbili kabla hajanioa, na mara moja baada ya kunioa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani sikujua niliolewa na nani. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mtahini wa madereva. Alikaa kiti cha abiria, ubao wa kuandikia magotini na kalamu nyeusi mkononi, na gari likishasimama alitamka neno moja kati ya mawili: "Umepita," au, "Rudia." Hakuwa na neno la tatu. Mji mzima ulimwita Rudia, na mpaka leo tukienda sokoni kuna watu wazima na mvi zao wanaovuka barabara ili wasikutane naye.

Hakupokea cha mtu na hakujua undugu. Binti yetu, wa pekee tuliyejaliwa, alimrudisha mara tatu. Mara ya tatu msichana alilia mpaka chakula kikapoa, na baba yake akampa leso, akamweleza kwamba hakuangalia nyuma kabla ya kukata kona, kisha akaendelea kula. Leo binti huyo anaendesha gari la wagonjwa na hajagonga hata kuku. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," Rudia husema akilaumiwa. Nami humjibu kuwa yeye asingeweza kulia hata angetaka, maana ndani yake hamna machozi, mna wino.

Alipostaafu, wenzake ofisini walimpa kiti cha kuegemea. Akakiweka dirishani, akaanza kuitahini barabara. "Yule hakutazama kioo." "Yule amesimama juu ya mstari." Jirani akirudisha gari nyuma kutoka getini, Rudia alisimama kabisa, mikono mgongoni, na jirani kwa kutetemeka akagonga nguzo yake mwenyewe. Miezi mitatu ya kwanza nilicheka. Mwezi wa nne akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliacha kunyoa ndevu. Nilikuwa nikitoka asubuhi kwenda dukani, mimi ni fundi wa miwani, nasaga lenzi na kukaza skrubu ambazo watu wengi hawazioni, na nikirudi jioni namkuta palepale kitini, amevaa viatu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nilimwambia. "Tafuta la kufanya." Akaniuliza lipi. Nilimpenda na sikujua nimfanyie nini.

Aliyemtoa kitini ni Daktari wa Meno, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye yeye alistaafu miaka sita kabla. Daktari ni mnene, mcheshi, na anaongea bila kupumua, kwa kuwa maisha yake yote amezoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Tangu aache kung'oa meno alikuwa anavua samaki kwa kayaki. Kwa asiyeijua, kayaki ni chombo chembamba cha plastiki, kirefu kuliko mlango. Mtu anakaa juu yake miguu mbele, anashika kafi lenye ubapa huku na huku, na badala ya kuwa ndani ya bahari anakuwa juu yake tu, kama nzi juu ya maziwa. Jumamosi moja Daktari alimchukua Rudia karibu kwa nguvu. Alirudi suruali imelowa mpaka kiunoni na pua imebabuka kwa jua, akakaa mezani na kuongea saa nzima. Alieleza jinsi mshipi unavyogonga kidoleni samaki akionja chambo. Alionyesha kwa kijiko. Nilikuwa nimesahau sauti yake ilivyo akifurahi, nikabaki na tonge mkononi.

Mwezi haukuisha akanunua kayaki yake, iliyotumika, ya rangi ya chungwa. Haikuingia stoo. Ikaingia sebuleni, nyuma ya kochi, kutoka mlango wa jikoni hadi kabati la vyombo, na binti yetu alipotutembelea aliuliza ni nani kati yetu anayelala humo tukigombana. Ndevu zikanyolewa. Kiti cha dirishani kikawa cha kuwekea nguo za kupiga pasi.

Mimi nikawa na furaha na woga katika kifua kimoja. Naweza kusema sababu bila kuona haya. Nilikuwa nimemsubiri mtu huyu miaka thelathini na miwili arudi nyumbani mchana, tule wote, tubishane wote, na siku aliporudi, bahari ikamwona na kumpenda. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kuogelea alijua, lakini kwa mtindo wa mtu anayetafuta funguo zilizoanguka. Nje ya ghuba yetu kuna boya jekundu. Ndani ya boya maji ni ya kujifunzia. Nje yake kuna mawimbi, kuna maboti ya injini, na ndiko waliko samaki wa maana. Daktari alikuwa anapita boya kila wiki. Rudia alikuwa anabaki ndani, anamtazama anavyokuwa mdogo.

Kwa sababu Rudia, hata katika starehe, ni Rudia. "Siwezi kutoka bila kupimwa," alisema.

"Na nani?" Daktari akamuuliza. "Bahari ina ofisi?"

"Nitatengeneza fomu."

"Basi nitakupima mimi."

"Wewe ungempitisha hata mbuzi," Rudia akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Atanipima mama."

Nilimkumbusha kwamba mimi bahari naijua kwa kuitazama. Akasema mtahini hahitaji kujua kuendesha vizuri, anahitaji kuona vizuri na kuandika alichokiona, na mimi kuona ndiyo kazi yangu. Nikamwambia mke hawezi kumpima mumewe, atampendelea. Alinitazama kama ninayeongea upuuzi. "Mgeni ndiye anayeona haya kukurudisha," akasema. "Wako haoni haya. Ndiyo maana ni wako."

Fomu aliichora kwa rula. Vipengele ishirini. Kagua vizibo vya kayaki. Funga jaketi la kuelea. Filimbi shingoni. Simu kwenye mfuko usioingiza maji. Namba tisa ilikuwa kutazama nyuma kabla ya kugeuza chombo, na Daktari alipoisoma alicheka mpaka akakaa chini. "Nyuma kuna nani, ndugu yangu? Samaki atakupigia honi?" Rudia hakucheka. Vipengele vitatu alivitia nyota: hiyo namba tisa, kufunga kafi kwa kamba yake kabla ya kushika ufito wa kuvulia, na kuanguka majini kwa makusudi kisha kupanda tena bila msaada. Ukikosa penye nyota, hata kama mengine yote umepata, umekosa mtihani. Chini kabisa kulikuwa na sahihi mbili, ya mtahini na ya mtahiniwa. Mtahini anatamka matokeo na sababu kwa sentensi moja. Mtahiniwa hajadili. Anatia sahihi na kurudi baada ya wiki mbili.

Mtihani wa kwanza nauhadithia kwa raha. Alijiangusha karibu na ufukwe, akatoweka, akaibuka, akashika ukingo na kupanda. Alipanda upande wa kulia akaangukia upande wa kushoto. Akaja upande wa kushoto akaangukia wa kulia. Mara ya saba jaketi lilikuwa limempanda mpaka masikioni na miguu ilikuwa inakwenda peke yake kama ya mtu mwingine. Mimi nimesimama mchangani na ubao wa kuandikia, nimejikaza kisabuni, na bado kicheko kikanitoka puani. "Rudia," nikamwambia. "Hukuweza kupanda." Akatia sahihi kwa mkono unaochuruzika maji, akasema asante.

Wiki mbili zile Daktari alimfundisha siri ya kupanda: lala kwa tumbo kama unayejitandaza kitandani, kisha geuza makalio yapate kiti, kisha ingiza miguu. Rudia alifanya mazoezi sebuleni. Alfajiri nilikuwa naamshwa na sauti yake mwenyewe ikijiamuru, "Tumbo! Makalio! Miguu!" halafu kishindo. Mtihani wa pili alipanda kwa mara ya tatu, lakini hatukuona filimbi shingoni wala simu mfukoni. Vyote alivisahau kwenye gari, na pamoja na makosa mengine madogo alama hazikutosha. "Rudia." Safari zote mbili niliandika ukweli, na safari zote mbili ukweli ulinifaa, kwa hiyo nilijiona mtu mwadilifu kweli.

Mtihani wa tatu hakukosa kitu.

Nataka nieleweke hapa. Hakukosa hata kimoja. Vizibo, jaketi, filimbi, simu. Alijiangusha na kupanda kwa mara moja, laini, kama anayeketi kwenye kochi. Alifunga kafi. Alirusha mshipi. Alitazama nyuma kabla ya kila kugeuka, tena kwa madaha, kidevu mpaka begani, kama walivyo madereva wanaojua kuwa wanatazamwa. Alipofika karibu na boya alisimamisha kafi, akaangalia kule nje. Nilimwona mgongo. Mgongo wa mume wangu naujua kuliko uso wake, na ule mgongo ulikuwa tayari umekwishaenda.

Nikatazama fomu. Nikachora msalaba kwenye namba tisa.

"Rudia," nikamwambia aliposhuka. "Hukutazama nyuma kabla ya kugeuka."

Alisimama, maji yanamdondoka. Niliona anafikiri, anarudi kichwani kona moja moja. Kisha akasema, "Sawa," akatia sahihi, akasema asante. Njiani kurudi nilikuwa mwepesi wa moyo kwa muda usiozidi dakika kumi.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, lakini hawakusema ni chungu kiasi gani kuitembea ukiwa umeoana na mtu anayekuamini. Rudia hakunung'unika. Alikaa kwenye kigoda ukumbini kila asubuhi na kugeuza shingo, kulia mara hamsini, kushoto mara hamsini, anahesabu kwa sauti. Wiki ya kwanza ikaisha kwa shingo kukaza. Nikawa namkanda kwa kitambaa cha maji moto, mimi, kwa mikono hii hii, na yeye amefumba macho ananishukuru. Binti yetu alipopiga simu nilimweleza kuwa baba yake amerudishwa tena, akacheka sana. "Mwache anywe dawa yake! Mimi alinirudisha kwa kosa hilohilo."

"Ndiyo," nikasema.

"Mama, mbona sauti hivyo?"

Nikamwambia mafua.

Daktari wa Meno naye si mjinga. Alipita dukani kukazwa mkono wa miwani, akaketi mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea kidogo. "Shemeji, mimi nilikuwa majini siku ile. Shingo ya yule bwana inageuka kama feni." Nikaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekwishakaza. Akavaa miwani yake, akaaga, akaondoka. Hakusema zaidi, na nilitamani aseme.

Siku mbili kabla ya wiki mbili kutimia, saa sita mchana, Rudia mwenyewe akaja dukani. Hakuwa na desturi hiyo. Alikuwa na kofia yake ya kuvulia mkononi na karatasi iliyochorwa kwa rula. Aliiweka juu ya kaunta kwa uangalifu, kati ya fremu za watoto na kisanduku changu cha skrubu. Ulikuwa mchoro wa kioo kidogo, cha mviringo, chenye kishikizo cha kukibana kwenye ukingo wa kofia, na vipimo vyote vimeandikwa kwa milimita.

"Mama, nimegundua tatizo," akasema. "Shingo yangu haifiki. Mimi naona nimegeuka, lakini wewe uliye ufukweni unaona sijageuka. Maana yake umri unaikwamisha katikati na mimi sina habari. Sasa nimefikiri, kama ukinitengenezea kioo hiki, naweza kuona nyuma bila kuisumbua. Je, itakubalika kwenye fomu?"

Aliniuliza kwa heshima, kama wale vijana waliokuwa wakimuuliza yeye.

Nilichukua mchoro. Nilikata kioo kidogo, nikawasha mashine, nikaanza kukisaga ukingo, kwa sababu mikono inapokuwa na kazi mdomo hupata pa kujificha. Yeye alisimama upande wa pili wa kaunta, anatazama bati la herufi za kupimia macho ukutani, na pole pole, kwa kuwa hakujua namwona, akageuza shingo kulia, kisha kushoto, akikunja uso kwa maumivu. Nikazima mashine.

"Shingo yako ni nzima," nikasema.

"Eh?"

"Shingo yako haina kitu. Ulitazama nyuma. Kila mara. Ulipata ishirini kwa ishirini. Mimi niliandika uongo."

Aliiweka kofia yake juu ya kaunta.

"Kwa nini?" akauliza.

"Naogopa. Ukipita lile boya naogopa hutarudi, na mimi nimekusubiri muda mrefu. Basi. Ndiyo sababu yote." Nikaanza kulia, mtu mzima na koti langu la kazi, kioo cha milimita thelathini na tano mkononi.

Nilitegemea atakasirika kwa ajili ya bahari. Hakuitaja. "Wiki mbili nimetafuta ndani ya shingo yangu kosa ambalo halipo," alisema taratibu. "Sikushuku fomu hata mara moja. Nilijishuku mwenyewe." Akachukua kofia yake. "Ukiogopa, sema unaogopa. Hilo halina alama. Lakini usiniandikie kosa." Akaondoka, akaacha mchoro.

Siku tatu hakunisemesha. Si kwamba alinuna kama watoto; alinipa chai, alinifungulia mlango, lakini neno hakutoa. Aliwasiliana nami kupitia binti yetu, ambaye ilibidi apigiwe simu kati ya mgonjwa na mgonjwa. "Mama, Baba anasema gesi imekwisha." "Wewe uko wapi?" "Mimi niko hospitali. Nyie si mko chumba kimoja?" Baada ya hapo alitaka kujua kuna nini, nikamweleza yote. Hakucheka. "Mama," akasema, "sisi wote alituumiza. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema alionewa." Maneno hayo yaliniingia kuliko kimya cha baba yake.

Siku ya nne asubuhi nilikuta karatasi chini ya kikombe changu cha chai. Fomu mpya, mistari imenyooka. Juu yake: Mtihani wa tatu umefutwa. Mtihani wa nne, Jumamosi. Mtahini: yuleyule.

Nilimfuata jikoni. "Kwa nini mimi tena? Mwite mtu mwingine."

Ndipo aliponijibu, mgongo umeelekea sinki, anasuuza sufuria. "Mtu mwingine sijui anadanganya vipi."

Jumamosi hiyo binti yetu alikuwa na siku ya mapumziko, akaja. Daktari akaja na kiti cha kukunja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kama bibi harusi. Nilikuwa nimeamua moyoni, na Mungu anisamehe, kwamba leo huyu mtu anapita. Nitaogopa, nitakaa ufukweni na woga wangu, lakini anapita. Deni la uongo wangu nitalilipa kwa neno moja. Nilikuwa na hamu ya kulitamka mpaka mdomo ulikuwa unaniwasha.

Alikagua vizibo. Alifunga jaketi, filimbi, simu. Alijiangusha, akapanda, na binti yetu akapiga vigelegele. Namba moja baada ya nyingine nikaweka alama, kalamu inateleza yenyewe. Akageuka, shingo mpaka begani, akatukazia macho sisi wa ufukweni kana kwamba anasema, mmeona? Tumeona! Akasogea karibu na boya, akafika mahali pa kuvulia, na pale, kabla hajafanya kitu, ufito alioutega nyuma yake ukapinda.

Katika miezi yote ile ndani ya ghuba alikuwa hajawahi kupata samaki mkubwa kuliko kiganja. Huyu aliupinda ufito kama upinde. Daktari alisimama, kiti kikaanguka. "Mshike! Mpe mshipi! Mpe, mpe, sasa vuta!" Rudia aliuvamia ufito kwa mikono miwili. Kayaki ilizunguka nusu mduara. Nilisikia anacheka, kule mbali, kicheko chembamba cha mtoto, na sikumbuki kama nimewahi kukisikia kabla ya siku hiyo. Ulikuwa mvutano wa dakika nyingi, na mwisho akamwinua: kolekole, mweupe kama fedha, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Binti yetu alinikumbatia. Yeye na Daktari walikuwa wanapiga kelele.

Mimi nilikuwa natazama kafi.

Hakulifunga. Lilikuwa limelala mapajani mwake, kamba yake inaning'inia, na kayaki ilipozunguka liliteleza, ubapa mmoja ukaingia majini, likaanza kwenda. Alilibana kwa goti. Kwa bahati tu. Sekunde moja zaidi, angekuwa na samaki mikononi na hana cha kumrudisha nyumbani. Niliona uso wake wakati goti linabana. Akatazama chini, akaona, kisha akainua macho moja kwa moja mpaka ufukweni, kwangu.

Daktari hakuona, wala binti yetu. Tulioona tulikuwa wawili.

Aliburuza kayaki mchangani. Walimvamia, wakampiga mgongoni, Daktari akampima samaki kwa shubiri na kumfungua mdomo kukagua meno, kwa mazoea. Rudia aliwaacha wafurahi. Akaja akasimama mbele yangu, mikono pembeni, kama walivyosimama mbele yake watu wote wa mji huu. Uso wake ulikuwa bado unameremeta, na nyuma ya kumeremeta kule kulikuwa na kitu kinachosubiri. Nilikuwa nimemwahidi moyoni. Nilikuwa na deni. Nilikuwa na neno tayari chini ya ulimi. Na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze woga wangu haukusema kitu, moyo ulitaka tu apewe anachokitaka.

"Rudia," nikasema. "Hukufunga kafi."

"Mama!" binti yetu akaruka. "Samaki wote huyu! Huna huruma hata chembe?"

"Nyamaza, mwanangu," baba yake akamwambia, bila kuniondolea macho. "Mama yako ameona."

Alichukua kalamu, akatia sahihi. Mkono ulikuwa na magamba ya samaki, ukaacha mawili juu ya karatasi. Hakusema asante kama siku zote. Aliniangalia, na yule mtu niliyesema ndani yake hamna machozi akalia mbele ya watu, mchana kweupe, amevaa jaketi la kuelea. Alinishika mkono wenye ubao wa kuandikia, akaubana kifuani kwake, nami nikapata baridi ya maji mpaka kiwiko.

"Wiki mbili," alisema, alipoweza. "Na siku utakaponiambia nimepita, nitaamini. Nitakwenda kule nje, sitageuka kuangalia kama unalia."

"Nitalia," nikamwambia. "Jua hilo."

"Lia," akasema. "Hilo halina alama."

Kisha tukaibeba kayaki mpaka kwenye gari, yeye mbele, mimi nyuma, na njia nzima ananiuliza kama lile goti lilionekana vizuri kutoka pale niliposimama.